Sensa ya Nyaya Tatu

Kuna geji moja ndani ya ndege ndogo ambayo imeumbwa na uongo wake, na watu wameizoea hivyo hivyo. Ni geji ya mafuta ya zile Cessna 206 za zamani, za bawa la juu na injini moja, ambazo ukikaa Seronera asubuhi moja tu utaziona zikitua na kuruka kama kunguru wa jalalani. Usoni imeandikwa kwamba inaonyesha injini inakunywa galoni ngapi kwa saa. Lakini ndani yake hakuna kitu chochote kinachopima mafuta yanayopita. Inapima presha tu, halafu uso wake ukachorwa namba za galoni. Sasa chukua nozeli moja kati ya sita, izibe kwa uchafu mdogo kama punje ya mchanga. Mafuta hayapiti vizuri, presha nyuma ya kizibo inapanda, na mshale nao unapanda. Silinda inakufa njaa, geji inasema injini inakula sana.

Niliposikia habari hiyo mara ya kwanza nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi nimekulia Issenye. Nawajua watu wengi ambao kwenye ripoti wameshiba.

Kwa wasiopajua, Issenye iko mkoa wa Mara, wilaya ya Serengeti, upande wa magharibi wa hifadhi, jirani na Nata na Ikoma. Sisi wa huko tulizoea ndege kabla ya kuzoea lami. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na mapori waliyowinda babu zetu yakapata mwenyewe mwingine. Mwaka 1958 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuja na ndege ndogo aina ya Dornier Do 27, iliyopakwa milia kama pundamilia, wakawa wanaruka huku na huko wakihesabu wanyama. Tarehe 10 Januari 1959 ndege ile iligongana na tumbusi angani, ikaanguka. Michael akafa akiwa na umri wa miaka 24, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Kazi ya kuhesabu kutoka juu haikuzikwa naye. Mwaka 1994 yakatangazwa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, mpaka ukasogea karibu na milango yetu, na ndege zikazidi.

Mlio wa ndege utotoni ulikuwa na maana mbili. Sisi watoto tulikimbilia uwanjani kupunga mikono. Wakubwa waliokuwa wameanika kimoro, yaani nyama ya porini ya kukausha, waliitoa kwenye kamba haraka haraka. Ndege ile ile moja, huyu anashangilia, yule anajificha. Na kwa kuwa upande wetu kuna mto unaitwa Rubana, watoto wote tuliamini kwamba rubani ni mtu wa kutoka Rubana. Tulijivuna sana kwa hilo. Tulidhani kule juu yupo ndugu yetu.

Mimi sikwenda juu. Nilianza chini kabisa, kwenye gereji moja pale Mugumu, nikivuta nyaya za Land Cruiser za watalii. Mtu akiniletea gari taa hazijawaka, namrudishia taa zinawaka, maisha yanaendelea. Baadaye mshikaji wangu mmoja alinipa dili: karakana moja ya ndege kule Arusha inatafuta kijana wa kusaidia upande wa umeme. Jina la karakana tuliache. Nikaenda na begi moja. Wakanipa kwa Mzee mmoja, fundi mwenye leseni, mtu wa maneno machache na miwani miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa kutazama watu.

Jambo la kwanza alilonifundisha Mzee halikuwa la waya. Alinionyesha kitabu cha ndege. Kila kazi inaandikwa humo, na chini yake pana sahihi ya fundi aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Akaniambia, "Mwanangu, gereji unatoa gari, ukikosea mteja anarudi kukutukana. Huku anaweza asirudi."

Basi siku moja ikaja Cessna 206 ya kumalizia kazi. Mwenyewe alikuwa ameichoka ile geji ya mshale, akanunua monita ya kisasa: kioo kimoja kinachoonyesha joto la kila silinda, mafuta, oili, volti, vyote kwa namba. Sehemu kubwa ya nyaya ilikuwa imeshafungwa kwingine kabla ndege haijatufikia. Sisi tulipewa kukagua, kuwasha na kuitoa. Kilichonivutia ni kitu kidogo kama kidole gumba, cha chuma, chenye mkia wa nyaya tatu. Ndiyo sensa ya presha ya mafuta.

Mafundi tunaiita sensa. Najua, kwa wengi neno hilo ni ile ya watu na makazi, kama ya mwaka 2022, makarani wakipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi vyao. Ni maneno mawili tofauti yaliyokutana njiani. Lakini hayajakutana bure. Yote mawili yanachukua kitu kikubwa kisichoonekana chote kwa jicho moja, yanakifanya namba, na namba hiyo inapelekwa kwa mtu aliyeketi mbali, ambaye ataamua jambo.

Nikueleze inavyofanya kazi, maana bila hapo hutanielewa. Zamani geji ya presha ililetewa mafuta yenyewe. Kijibomba chembamba kilitoka kwenye injini, kikapenya ule ukuta wa chuma unaozuia moto, kikaingia hadi nyuma ya dashibodi, mbele ya magoti ya rubani. Kikipasuka, petroli inamwagikia humo humo. Sensa inabaki upande wa injini pamoja na mafuta yake. Kinachovuka ukuta ni habari tu, kwa njia ya waya. Na sensa haifungwi juu ya injini moja kwa moja, kwa sababu injini inatetemeka na shingo ya chuma itachoka na kukatika. Inafungwa kwenye ukuta, halafu mpira imara wenye soksi ya kuzuia moto unaileta presha hadi pale. Kwenye mlango wa mpira huo huwekwa kizuizi chenye tundu dogo sana, ili hata mpira ukikatika, mafuta yavuje kidogo kidogo na injini isikose chakula.

Sasa nyaya tatu. Wa kwanza unaleta umeme kutoka kwenye monita, volti 5. Wa pili unarudisha jibu. Presha ikiwa sifuri jibu ni nusu volti, presha ikifika juu kabisa jibu ni volti 4.5. Sensa ile ilikuwa ya kupima hadi pauni 50 kwa inchi ya mraba, kwa hiyo kila pauni moja ni sehemu ndogo sana ya volti: 0.08. Wa tatu ni waya wa hasi. Huo hauleti chochote wala hausemi chochote. Kazi yake ni kuwa sifuri, ili hao wawili wapate mahali pa kuanzia kuhesabu.

Kwenye gari waya wa hasi hatuuheshimu. Unatafuta bolti yoyote ya bodi, unaubana hapo, imekwisha. Taa haijali. Taa inataka umeme upite tu. Lakini sensa inapima tofauti, na tofauti hupimwa kuanzia chini. Kama chini yenyewe inapanda na kushuka, kila utakachopima juu yake kitapanda na kushuka nacho, ilhali mafuta yametulia tuli.

Tukaitoa ndege nje, rubani akawasha injini. Rubani alikuwa dada mmoja mkimya, anayefunga kilemba chini ya vile visikizio vyake. Mimi nilikuwa kiti cha pembeni na karatasi, nikiandika namba. Presha ikakaa vizuri. Rubani akaanza kuwasha vitu kimoja kimoja kama kawaida ya ukaguzi. Alipowasha taa ya kutua, iliyoko puani mwa ndege, presha ya mafuta ikapanda pauni 2. Akazima, ikashuka. Nikamwomba, "Dada, hebu washa tena." Ikapanda. Zima. Ikashuka.

Tukatazamana. Mafuta hayajui kama kuna taa.

Tulipozima injini, Bosi alikuwa ameshakuja. Wageni wake walikuwa wanasubiri upande wa Serengeti, hoteli imelipiwa, simu inalia kila dakika. Nikamweleza. Akasikiliza, akatazama saa, akasema kwa upole kabisa, "Dogo, si ni pauni mbili tu? Hapo kwenye setingi ya monita kuna sehemu ya kusahihisha. Punguza mbili, twende zetu."

Alikuwa na haki kuhusu setingi. Sehemu hiyo ipo, na kidole changu kilikuwa umbali wa sentimeta kumi kutoka kwenye kitufe. Nataka muelewe, vijana wenzangu, kwamba uongo mwingi wa dunia hii hauhitaji mtu mbaya. Unahitaji kitufe kilicho karibu na mtu mwenye haraka. Mshahara wangu ulikuwa wa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Nyumbani Issenye kulikuwa na mdogo wangu kidato cha pili, na daftari zake zilitoka kwenye kidole hicho hicho.

Nikasema, "Bosi, nikipunguza mbili, taa ikiwaka itasema sawa. Taa ikizimwa itasema pungufu kwa mbili. Haijapona, imehama chumba."

"Nani atapigia hesabu pauni mbili?"

Sikuwa na jibu la kumpa mtu mzima. Nikatoa mkono kwenye monita, nikauweka mapajani, nikasema, "Samahani Bosi, mimi siwezi." Sauti ilitoka ndogo. Mzee alikuwa amesimama chini ya bawa muda wote, kimya. Akabadilisha miwani.

"Na mimi sitii sahihi," akasema. "Tufungue."

Bosi akamgeukia rubani, labda akitegemea atapata mtu wa upande wake. Yule dada akavua visikizio. "Mimi ndiye nitakayekuwa juu nayo, Bosi. Nasubiri." Akaenda kukaa kivulini, akatoa kitabu, akaanza kusoma. Mpaka leo najilaumu sikuchungulia kilikuwa kitabu gani.

Tukafungua kava la injini. Mzee akanipa mita, akaniambia nipime kati ya hasi ya sensa na hasi ya monita. Taa imezimwa: karibu sifuri. Taa imewashwa: volti ikapanda. Tukaufuata waya wa hasi kwa mkono, kama mtu anayefuata kamba ya ng'ombe aliyepotea. Ulikuwa umekatwa mfupi, ukabanwa kwenye bolti ya ukutani ambayo ilikuwa pia njia ya kurudishia umeme wa ile taa. Na chini ya bolti palikuwa na rangi. Rangi haipitishi umeme vizuri. Taa ikiwaka, umeme wake mwingi unasongamana pale kama watu kwenye mlango wa daladala, na sifuri ya sensa inainuliwa pamoja nao. Sensa yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Ilisema kweli yote iliyoijua. Aliyeifunga ndiye aliyeipa sifuri ya uongo.

Kazi ilituchukua saa nne na ushei. Tulivuta waya mpya wenye nyaya tatu ndani ya fuko moja la nyuzi za chuma, hasi ikarudi pamoja na wenzake hadi kwenye monita yenyewe, na lile fuko tukalifunga kwenye hasi upande mmoja tu. Tuliupitisha mbali na nyaya za plagi na mbali na ekzosi, tukaukamata kwa vishikio vyenye mpira, tukaacha kitanzi kidogo cha ziada ili fundi wa kesho asipate taabu. Vichwa vya nyaya tulivibana kwa koleo lake. Hatukuchomea kwa risasi, maana waya uliochomewa hukatika pale pale risasi inapoishia ukitetemeshwa mwaka mzima. Tundu la ukutani tukaliziba kwa dawa isiyoungua. Bolti ya taa tukaikwangua rangi hadi chuma kikang'aa. Halafu tukawasha injini, tukawasha taa, tukawasha na kila kinachowashika. Namba haikutikisika.

Mzee akaandika kwenye kitabu, akatia sahihi. Ndege ikaondoka alasiri, na wageni walifika wakiwa hai na wenye hasira.

Mwisho wa mwezi ule mkataba wangu haukuongezwa. Hakuna aliyenigombeza. Niliambiwa kazi zimepungua. Inawezekana zilikuwa zimepungua kweli, sina geji ya kupima moyo wa mtu. Mzee alinisindikiza hadi stendi, akaninunulia chai na chapati mbili, akaniachia ile mita yake ya zamani. Hakutoa hotuba.

Nyinyi mnaoandika, na wengi wenu mko mjini, mtaniuliza haya yanawahusu nini. Nami niliandika kabla sijashika koleo la ndege. Nilikuwa naandika hadithi za kijijini kwetu kwa namna ambayo nilidhani msomaji wa mjini anataka: kila mzee ana busara, kila msichana anachota maji. Mshale ulikuwa unapanda vizuri tu. Baada ya karakana nikisoma hadithi, yangu au ya mwenzangu, naitafuta kwanza hasi yake. Huyu anahesabu kuanzia wapi? Anasema watu wa huku ni maskini, anaanzia kwa nani? Anasema ni wajangili, sifuri yake kaifunga kwenye bolti gani, na bolti hiyo inatumiwa na nani mwingine?

Nilirudi Issenye. Siku hizi nafunga sola, natengeneza pikipiki za bodaboda, na chaji za simu za nusu kijiji ziko mezani kwangu. Mlio wa 206 ukipita bado natoka nje kutazama, ila sipungi mkono. Nasikiliza.

Jioni moja baba mdogo alikuja na redio yake begani. Alikuwa amesikia habari za nyumbu. Babu yake aliwaona wakija, baba yake aliwaona wakija, na yeye kila mwaka, mvua zikiisha, anaona vumbi lao upande wa Grumeti. Zile hesabu za Grzimek ziliwapata nyumbu takriban 99,000. Baadaye, sotoka ilipotoweka, waliongezeka sana, na kwa miaka mingi hesabu za kutoka kwenye ndege zikasema wapo kama milioni 1.3. Kisha mwaka 2025 wataalamu waliosoma picha za setilaiti za mwaka 2022 na 2023 kwa msaada wa kompyuta wakatangaza kwamba wameona chini ya 600,000.

Baba mdogo akaketi kwenye kreti la soda. "Mwanangu, wewe ndiye fundi wa sensa. Niambie, nyumbu wamepungua, au sensa mbovu?"

Nikaacha koleo. Nikamweleza kadiri nilivyoweza. Kwamba ndege hupiga picha vipande vipande vya mbuga, halafu hesabu ya vile vipande inatumika kukisia pote. Kwamba setilaiti huchukua eneo kubwa kwa wakati mmoja, lakini nyumbu aliye chini ya mti haonekani, na aliye nje ya picha hahesabiwi. Kwamba kila moja ina sifuri yake. Kwamba wataalamu wenyewe hawakusema nusu ya nyumbu wamekufa. Kwamba mtu akikimbilia kusema sensa ni mbovu anaweza kuzika nyumbu wote huku akisahihisha setingi, na mtu akikimbilia kusema nyumbu wamekwisha anaweza kutusogezea mpaka mwingine hadi jikoni. Nikamwambia dawa ni ile ile ya Mzee: usiguse namba, ufuate waya kwa mkono mpaka mwisho wake.

Akanisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo hujui."

"Sijui, Baba mdogo."

"Sawa. Angalau umesema." Akainuka, akachukua tochi yake niliyokuwa nimemchajia na debe la kupiga, akaenda kulinda mahindi. Usiku ule walikuja tembo saba. Aliwahesabu mwenyewe, akiwa hatua arobaini kutoka walipo, na asubuhi alinionyesha mabua.